Dakika Nne

Walipokuja na kalamu zao kutaka habari za Daktari Hesselinga,
waliuliza alisomea wapi, alitunukiwa nishani gani.
Nishani sizijui. Nazijua sapatu zake za sufu,
alivyopita usiku wa manane bila kishindo
asije akawaamsha waliolala baada ya kuanguka.

Friesland ni tambarare; ukianguka, kijiji kizima kinaona.
Niliangukia sokoni, miaka tisa, kapu la mayai mkononi.
Mama akalipa mayai.
Mchungaji akasema ni pepo, muuza siagi akasema ni mwezi,
shangazi akaninywesha majivu ya fuko kwa maziwa ya mbuzi.
Miaka sita nililala zizini, kamba kiunoni,
na ng'ombe peke yao ndio hawakushtuka.

Alikuja na mkokoteni, matope hadi magotini.
Kamba aliikata kwa kisu cha kumenyea tufaha.
Pole hakunipa. Aliuliza:
"Kabla hujaanguka, unanusa nini?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikasema: sufu inayoungua.
Akaandika, *sufu inayoungua*, akapiga mstari chini yake
kama mtu aliyepewa anwani.

Kwake vitanda vilikuwa vya chini, shubiri mbili toka sakafuni.
Jiko la chuma lilizungushiwa wigo wa fito.
Kijiko mdomoni ni marufuku.
"Mgeuzeni ubavu. Shikeni saa. Ngojeni."
Hiyo ndiyo elimu yake; iliyobaki ilikuwa chumvi.

Chumvi, naam: bromidi, chungu, katika glasi za samawati.
Aliipenda kupita kiasi, na hilo nalo liandikwe.
Froukje aliacha kuanguka majani yalipopukutika.
Daktari akapeleka barua Leiden, mwandiko ukirukaruka kwa furaha.
Kufika Krismasi uso wa Froukje ulijaa vipele,
akawa analitafuta neno "dirisha"
kama apapasaye kiberiti gizani.
Siku moja akaisukuma glasi, akasema,
kila silabi ikivutwa kama ndoo toka kisimani:
"Afadhali nianguke nikilijua jina langu."

Daktari aliketi.
Usiku ule sapatu hazikulala.
Asubuhi akapita kitanda kwa kitanda na daftari jipya
akituuliza tunataka nini.
Oene alitaka kipimo kikubwa, uzito na yote.
Froukje, nusu ya nusu.
Mimi nilitaka kuteleza juu ya barafu.
"Hatari," alisema. Kisha akaandika.
Januari akanifunga kamba kiunoni, ncha mkononi mwake,
akakimbia ukingoni mwa mfereji, mzee wa miaka sitini, akihema.
Ilikuwa kamba, ndiyo.
Lakini safari hii aliyekuwa akivuta ni mimi.

Alikufa kwa kichomi, mfereji ukiwa bado jiwe.
Wazee wa kanisa wakaleta wanaume wenye afya wabebe jeneza.
Froukje akasimama mlangoni kama komeo.
Tukabeba sisi, sita.

Njia ya makaburini ni ndefu. Katikati yake
Oene akautoa ule mlio.
Tulilishusha jeneza kwenye theluji, taratibu.
Tukamgeuza Oene ubavu, nikamwekea shali chini ya kichwa,
nikaitoa saa ya marehemu mfukoni mwangu.
Mchungaji akafumba kitabu.
Kengele iliendelea kidogo, halafu mtu akaenda kuinyamazisha.
Kijiji kizima kilisimama, kofia mikononi,
kikiwangoja wawili waliolala theluji.
Muuza siagi alikuwapo. Hakusema lolote juu ya mwezi.

Dakika nne.
Oene akafumbua macho, akauliza tumefika wapi.
Tukamwambia: kwenye daraja.
Akafuta mate kwa mkono wa koti,
akainuka,
akatia bega chini ya ubao.